Mipaka ya Muheto na Mashini Iliyofungwa Mlango

Karte memware, ile kadi ndogo yenye kutunza video za simu, ilifika Walikale ndani ya fromaji, yaani jibini. Mdogo wangu wa kiume aliikunja katika kipande cha nailoni, akaisukuma katikati ya ile fromaji ya duara ya kule Masisi, akaziba tundu kwa kidole, akampa motari, mwendesha pikipiki. Motari akaipitisha kwa mwenzake wa Kibua, wa Kibua akanifikishia mimi, na kwenye barrière zote, vile vizuizi vya njiani, hakuna aliyejua alichoshika. Mdogo wangu alinipigia simu kunionya. Lakini mtandao wetu hukatika palepale penye maana, nikasikia tu, "Dada, ile fromaji, musi..." Basi. Asubuhi nikamkatia mume wangu kipande cha kunywea chai. Akauma. Akatoa kitu cheusi kinywani, akakigeuzageuza, akaniuliza kama siku hizi watu wa Masisi wanatia vyuma ndani ya maziwa.

Hapo njo mateso yangu yalianza, na sijui kama yamekwisha.

Mimi niko na sekretaria hapa Walikale, kando ya njia kubwa. Naandika barua za watu, natoa fotokopi, natoa picha za karte za uchaguzi na za shule. Mume wangu ni mtu wa hapahapa, kwao ni Kibua, baba yake alikuwa muwindaji. Mimi natoka Muheto, kwenye vilima vya Masisi. Mama yangu alikimbia kule na mdogo wangu, na sasa anaishi kwangu. Wakati ule mdogo wangu alikuwa angali mgongoni, na mimi nilikuwa nasoma Goma kwa shangazi, kwa hiyo kati ya sisi wawili hakuna aliyejua shamba la baba linaanza wapi na linaishia wapi. Mama peke yake alijua.

Sasa mdogo wangu amekuwa mwanaume, akarudi Muheto kulima. Jirani wa upande wa chini akamwambia, "Karibu, kijana, lakini mpaka wenu uko hapa," akamwonyesha mstari wa miti ambao ulikata robo nzima ya shamba, ile robo nzuri, yenye kuteremka kwenye mto. Chefu, mkuu wa kijiji, akasema: maharagi yakishavunwa, nitakuja na wazee tuweke mipaka, kila mtu alete maneno yake. Mama hawezi kusafiri. Nyonga yake haikubali pikipiki, na njia ile hata mimi mwenye nyonga nzuri nafika nikilia. Tena macho yake yalikuwa yanafungwa na utando mweupe. Kila juma anaona kidogo kuliko juma lililopita. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: Mama aone mipaka kabla macho hayajafunga na kabla chefu hajapanda kilima. Asipoona, robo ya shamba imekwenda.

Kwetu mtoto anaonyeshwa mpaka kwa miguu. Mzazi anatangulia na panga, mtoto nyuma. Wakifika kwenye mti wa mpaka, mzazi anaupiga mara mbili kwa mgongo wa panga, ko, ko, anataja jirani wa upande ule, kisha wanaendelea. Ukipiga, jirani anasikia. Kama ana neno, atoke aseme. Baba alikufa bila kupata siku ya kutembea hivyo na mtoto wake. Basi Mama alimwambia mdogo wangu kwenye simu, "Tembea na telefone, ushike video, uzunguke kote. Na usipite muti bila kuupiga. Hata muti moya."

Akafanya vile. Alizunguka mara moja tu, kwa sababu ule upande wa mto watu hawaupitii tena hovyo hovyo, na aliyekwenda mara moja akarudi anashukuru Mungu. Kwa hiyo msiniambie, "Si angeshika tena?" Kila mtu aliniambia hivyo. Nilichoka kujibu.

Nikasafisha karte memware, ilinuka maziwa siku tatu. Kwenye telefone yangu video ilifunguka vizuri kabisa. Nikampa Mama. Akaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Naona kintu sawa mende," akasema.

"Ni shamba, Mama."

"Basi ni shamba ya mende. Uniwekee kwenye kintu kikubwa."

Kitu kikubwa ninacho: ekran ya kazi, kile kioo cha kuonyeshea, pana kama meza ya shule. Nikaweka karte kwenye mashini yangu ya sekretaria, ordinatere, yaani kompyuta, ya zamani. Picha ya kwanza ikatokea, majani, kilima, ukungu kidogo. Nikaita, "Mama, njoo!" Alipokuwa anakaa, picha ikaganda. Sauti ikaendelea kutembea, chap chap chap, buti za mdogo wangu kwenye tope, na picha imesimama pale pale kama mbuzi aliyekataa kamba. Baada ya dakika moja ikaruka, ikaonyesha tope la mahali pengine, ikaganda tena. Nikajaribu kila programu ya bure niliyo nayo. Nikajaribu kuigeuza iwe video nyepesi. Mashini ikaniambia itahitaji saa arobaini na kitu. Batri za plake zangu, paneli za jua, zinaniachia saa tano, na hizo saa tano watu wanataka fotokopi. Na katikati ya kazi mashini ikizimika, inaanza upya, haikumbuki kitu. Nilijaribu mara nne. Ya nne ilifika nusu, mvua ikanyesha siku mbili, plake hazikupata jua. Nilitukana mvua. Nilimaliza mvua nikatukana jua.

Na ile sauti! Buti zinatembea, panga linapiga, ko, ko, na kwenye ekran hakuna kinachosogea. Ilinitia wazimu. Nikaikata.

"Juu ya nini unakata?" Mama akauliza. "Wacha isikike."

"Mama, subiri. Ngoja picha itengenezeke kwanza."

Akanyamaza. Mtu mzima akikaa kwa mtoto wake hujifunza kunyamaza, na mimi nilijua hilo, nikaendelea tu.

Nikampigia fundi mmoja wa Goma, mwenye kuuza mashini za okazio, zilizokwisha kutumika, zinazotoka Ulaya. Akacheka. "Mama, ile mashini yako iko muzee. Video ya siku hizi inakunjwa sana ili iwe ndogo. Kuikunjua inaomba chip ya picha yenye kujua ile kazi. Nitakutumia moya, iko na chip mupya, itakunjua hiyo yako huku inalala." Nikauza mashini yangu ya pili ya fotokopi, ile ya akiba. Mashini ya fundi ikaja kwa ndege ndogo, kisha kwa pikipiki, ndani ya shuka. Nzuri, nyeusi, imara. Mume wangu aliifuta mwenyewe kwa shati lake.

Tukaweka video. Ikaganda.

Ayi, Mungu wangu. Nilikaa chini, kwenye sakafu ya sima, si kwenye kiti. Nikampigia fundi, nikamuuliza kama mama yake mzazi angali hai na kama anajua mtoto wake anafanya kazi gani. Akaniambia tulia, niangalizie jina la modeli. Nikalisoma, herufi na namba, herufi na namba.

"Mwisho kuko herufi gani?"

Nikamwambia.

"Aah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu. "Pole, Mama. Hiyo njo yenye ilifungwa."

Ilifungwa namna gani? Akaeleza, na mimi nikaandika nyuma ya barua ya mteja, kwa sababu nilitaka siku moja niweze kuamini. Chip ilikuwa mle ndani. Ilijua kazi. Kiwanda cha chip kiliitengeneza na uwezo wote. Lakini walio na haki juu ya ule ufundi wa kukunja video wanadai lisansi, malipo ya ruhusa, kwa kila mashini inayoutumia. Wenye kutengeneza mashini wakapiga hesabu zao, wakasema: modeli hii ya ofisi, watu wataandika barua tu, wanataka video ya nini? Hawakulipia. Na kwa kuwa hawakulipia, wakaufunga mlango ule ndani ya karte-mère, ule ubao mkuu wa mashini, kwa amri iliyoandikwa. Modeli nyingine, sura ileile, chip ileile, ngozi ileile nyeusi, lakini herufi tofauti mwishoni, mlango uko wazi.

"Sasa chip iko?" nikauliza.

"Iko."

"Na inajua?"

"Inajua vizuri sana."

"Na haifanye?"

"Haina ruhusa, Mama."

Nilicheka, kile kicheko kibaya. Hapa Walikale tumezoea kitu kukosa nguvu: njia haina daraja, batri imekufa, dawa haikufika. Hilo naliweza. Lakini kitu chenye nguvu, kilicholala ndani ya nyumba yangu, kimekaa mkono mfukoni kwa sababu watu wasionijua, nchi nisiyoijua, hawakukubaliana juu ya makaratasi? Hasira yangu haikujua itue wapi. Haikuwa na uso wa kuutazama. Nikamfokea mume wangu kwa sababu ya ndoo.

Yeye njo aliyenieleza vizuri kuliko fundi. Alikuwa ananoa panga lake mlangoni, hakuinua hata kichwa.

"Iko sawa paja," akasema.

Huku kwao, ukiua nyama katika pori la ukoo mwingine, paja linakwenda kwa mwenye pori. Hata kama mkuki ni wako, mbwa ni wako, miguu iliyokimbia ni yako. Usipotoa paja, siku nyingine huingii. Baba yake hakula paja la nyama ya pori la wengine maisha yake yote, na hakulalamika.

"Basi kiwanda hakikutoa paja," nikasema.

"Hakikutoa."

"Na mimi niko wapi katika hiyo hadithi?"

Akafikiri. "Wewe ni mwenye kununua nyama. Umeuziwa mbwa amefungwa kinywa."

Nikamwambia anoe panga lake.

Shauri la fundi likawa hili: ongeza karte ya picha, karte ya kando, yenye lisansi yake yenyewe, inayokuja imelipiwa na kiwanda chake. Ukichomeka hiyo, haihitaji ruhusa ya mtu. Nikasema tafuta yenye nguvu. Akasema hapana, yenye nguvu inaomba umeme mwingi, kisanduku chako cha ofisi hakina waya wake, na ni chembamba, karte ndefu haiingii. Nikasema basi ya katikati. Akasema ile ya katikati iliyoko Goma ni ya zamani, ilitoka kabla ya ufundi huu, ina nguvu kuliko unavyotaka lakini haijui kukunjua. Nikasema basi, kaka, nipe yoyote. Akasema hiyo njo shida. Nilitaka kuchagua kwa nguvu, kama unavyochagua jembe. Nikajikuta nachagua kwa makaratasi: nani alimlipa nani, mwaka gani, kwa modeli gani. Karte dhaifu kuliko zote, fupi kama mkono wa mtoto, ndiyo iliyokuwa na haki. Zile kubwa zenye feni mbili zilikaa tu zinang'aa. Na ile fupi haikuwako Goma, iliagizwa, tukangoja.

Tukangoja juma, tukangoja mwezi. Maharagi yakatoa maua. Kila siku baada ya kazi nilifungua ile mashini, nikajaribu hiki na kile, nikasoma maneno ya mafundi wa dunia nzima wanaogombana na wenzao, nikaandika amri nisizozijua. Mama alikuwa anakaa nyuma yangu, kwenye kiti cha wateja, mikono magotini. Wakati mwingine anauliza, "Imefika?" Nasema bado. Anasema, "Si uachilie sauti kidogo, nisikie mutoto." Nasema, "Mama, sauti bila picha itakusaidia nini? Ngoja tu." Nilisema kwa ukali. Naandika hapa kwamba nilisema kwa ukali, kwa sababu ni kweli.

Mdogo wangu akapiga: maganda yameanza kukauka, chefu ametaja siku, Alhamisi ya juma lijalo. Jirani amekwisha kuwapikia wazee. "Dada, Mama amesema nini?" Nikamwambia Mama hajaona. Akasema, "Dada, wewe si mutu ya ordinatere?" Hilo liliniuma. Nililala nalo.

Karte ya picha ikafika Jumatatu, ndani ya soksi. Nikaichomeka, nikafunga vise, skrubu zake, nikawasha. Nikaweka video. Na ile video ikatembea! Laini kabisa, bila kuruka, kilima chote, kila jani, matone kwenye nyasi, mto kule chini unametameta. Nilipiga kelele mpaka mteja wa jirani akaingia kuangalia nani amekufa. Nikamvuta Mama kwenye kiti changu, nikasogeza ekran karibu na uso wake.

"Mama, njo hii. Sema. Huu mti wa kwanza, ni wetu?"

Akatazama. Akasogea. Akageuza kichwa upande, akatazama kwa pembe ya jicho, kisha kwa pembe ya lingine.

"Naona mwangaza," akasema.

"Na mti?"

"Mwangaza tu, mutoto wangu. Iko nzuri. Lakini iko mwangaza tu."

Mume wangu alitoka nje. Mimi nilibaki nimesimama, mkono kwenye mashini yenye kila kitu, chip, karte, lisansi, paja limekwisha kutolewa kwa kila mwenye pori duniani, na mama yangu hakuona kitu. Nilitaka kuipiga chini. Naapa. Katika ile furaha yangu nilikuwa nimesahau kukata sauti, na kwenye baflé, ile spika, buti za mdogo wangu zikaendelea, chap chap, chap chap, kisha panga: ko, ko.

Mama akainua mkono. "Nyamaza."

"Sijasema kitu, Mama."

"Nyamaza!"

Ko, ko. Hatua. Ko, ko. Akainamisha kichwa, mdomo wazi kidogo. Alikuwa anahesabu hatua kwa vidole. Mti wa tatu, wa nne, wa tano, sauti nzito, ya mti uliojaa. Akawa anataja majirani, mmoja mmoja, walio hai na waliokufa. Kisha buti zikateremka, mawe yakagongana, mto ukaanza kusikika, na panga likapiga tena: ke, ke. Nyepesi.

"Simamisha! Rudisha."

Nikarudisha. Ke, ke.

"Ile si muti ya baba yako," akasema. "Ile ni mutoto. Muti ya baba yako ilipandwa mbele nikuzae, haiwezi kulia sawa fimbo. Endelea... ile nayo mutoto. Na ile. Zote tatu ni bitoto, walipanda juzi. Mwambie apite, ateremke mpaka pale mayi inakutana na mayi ingine, anasikia? Inafanya kelele mbili. Pale achimbe. Muti inaweza kukatwa, lakini shina yake haitoke."

Niliangalia kwenye ekran ile miti mitatu. Majani yaleyale, mstari mnyoofu, imerefuka vizuri, imezungukwa na nyasi. Ukiitazama huwezi kutofautisha. Hata Mama angekuwa na macho ya msichana, ile picha ingemdanganya. Ile miti imewekwa pale ili idanganye macho. Panga njo lilisema kweli.

Niliandika kila neno, nikamsomea mdogo wangu kwenye simu mara tatu mpaka mtandao ukachoka. Alhamisi chefu alipanda na wazee. Mdogo wangu akaomba kitu kimoja tu, miti ipigwe. Wazee wakapiga wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakatazamana. Wakateremka kwenye maji mawili, wakachimba, wakakuta shina, nene kama chungu, limekatwa kwa shoka na kufunikwa udongo. Jirani akasema hakujua. Robo ikarudi.

Watu walinipongeza. Wakasema, mashini yako imeokoa shamba. Mume wangu hakusema kitu, na nilimshukuru kwa hilo, maana yeye alijua kama mimi. Ile sauti haikuhitaji chip. Haikuhitaji karte, wala lisansi ya mtu. Ilikuwa inatoka, safi kabisa, kwenye mashini yangu kuukuu, siku ileile tulipoitoa karte memware kwenye fromaji, na mimi niliikata kwa mkono wangu.

Mama hakunilaumu hata mara moja. Mashini nyeusi iko pale, naandikia barua. Lakini hesabu yangu ni hii, na haitaki kunitoka: ile miezi mitatu macho yake yalikuwa bado yanaona kidogo, ilikuwa miezi ya mwisho ya kuona, na alichokiona nayo ni mgongo wangu.